Potasiamu ya mama inashuka kila akipimwa na Lasix hawezi kuacha, naombeni ushauri

BintiKorogwe
Habarini wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Nina mama yangu ana miaka 61, aliambiwa moyo umetanuka hausukumi damu vizuri, anatumia Lasix (dawa ya kukojoza maji) za 40 mbili asubuhi na moja mchana, na digoxin na carvedilol za moyo. Dawa zinamsaidia sana jamani, huko nyuma miguu ilikuwa inavimba mpaka kandambili haziingii na usiku alikuwa analala amekaa kwenye kochi, sasa hivi analala kitandani na mito miwili tu.

Shida ni potasiamu. Kila akipimwa iko chini, mara ya mwisho ilikuwa 2.9 wakati karatasi ya maabara inaonyesha kawaida ni 3.5 mpaka 5, akaandikiwa Slow-K (vidonge vya potasiamu) ikapanda kidogo, zilipoisha ikashuka tena. Na mwenyewe anaisikia, usiku vigimbi vinakaza mpaka anaamka analia namkanda kwa maji ya moto, mchana mwili hauna nguvu, choo kigumu, na toka juzi anasema moyo kama unaruka pigo halafu unakimbia.

Majirani wanamwambia aache Lasix ndiyo inamkausha madini, na naona ameanza kuwaelewa, akiwa na safari au ibada ndefu haimezi kabisa kwa sababu ya mkojo. Kliniki tunayokwenda daktari anabadilika kila mara na foleni ni ndefu, anaulizwa maswali mawili anaandikiwa tunatoka. Ndizi mbivu anakula kila siku mpaka amezichukia. Nifanyeje?

MziziWaMbuyu
Pole. Mpe dafu asubuhi na jioni na juisi ya parachichi, hizo za hospitali aziache taratibu, shangazi yangu alifanya hivyo yuko fiti mpaka leo.

NesiWaZamu
Binti tafadhali sana hiyo ya kuacha dawa usiifuate. Wodini nimepokea wazee wengi waliokatisha Lasix nyumbani, wanaletwa usiku wanahema kwa shida maji yameshajaa kwenye mapafu, na kumrudisha mtu hapo alipokuwa si kazi ndogo.

Lasix inazuia figo kurudisha chumvi kwenye damu, chumvi ikitoka inavuta maji, ndiyo maana miguu inanywea, sasa katika kutoka huko potasiamu na magnesiamu navyo vinaondoka. Kwa hiyo kushuka hakumaanishi dawa ni mbaya, inamaanisha anahitaji kitu cha kuziba hilo pengo muda wote anapoitumia. Kumpa Slow-K mwezi mmoja halafu kukaa kimya haitoshi.

Ila kilichonishtua mimi ni huo moyo kuruka. Mama anatumia digoxin, na potasiamu ikiwa chini digoxin inageuka kali hata kama kipimo cha dawa hakijaongezwa. Muulize kama ana kichefuchefu, hamu ya kula imepotea, au anaona vitu kama vina unjano. Hata kama hana, usisubiri tarehe ya kliniki, mpeleke LEO apigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na apimwe elektrolaiti (madini ya damu kama potasiamu), magnesiamu na figo, na ubebe dawa zake zote kwenye mfuko ili daktari azione mwenyewe. Na kile kidonge cha digoxin cha kesho asimeze mpaka daktari aseme.

BintiKorogwe
Dada umenitisha lakini asante, kichefuchefu anacho kweli, tulidhani ni vidonda vya tumbo maana anameza omeprazole muda mrefu sana. Natafuta bajaji sasa hivi.

KiparaKisauni
Pole sana dadangu, Mungu amjalie mamako. Mimi niko Mombasa, hii kitu nimeishi nayo, niliwekwa dawa ya presha ile yenye haidroklorothiazaidi, nayo ni ya kukojoza vilevile, potasiamu ikawa haikai. Nimekunywa Slow-K, nimekunywa madafu hapa kwetu hayana shida, wapi. Mpaka nikapata daktari mmoja akanambia tupime magnesiamu, ikatoka chini sana, akanieleza magnesiamu ikipungua figo hushindwa kuizuia potasiamu, unaweza kutia kila siku na yote ikaishia chooni. Nilipopewa ya magnesiamu ndipo ile nyingine ikatulia. Na hiyo omeprazole uliyoitaja mwambie daktari, ikitumika miaka nayo hushusha magnesiamu, kwangu ilikuwa ni hiyohiyo.

Baadaye akaniongezea spironolactone, hiyo nayo inakojoza kidogo ila inaizuia potasiamu isitoke. Na kwa wagonjwa wa moyo uliochoka wengi wanapewa hata kama potasiamu iko sawa maana inausaidia moyo wenyewe, kwa hiyo ni swali la haki kabisa kumuuliza daktari, usiogope ataona unajifanya mjuaji.

DukaLaDawa_Kona
Nipo kwenye famasi, niongezee upande wa chakula maana watu wanauliza kila siku. Ndizi mbivu moja ya wastani potasiamu yake inakaribiana na kidonge kimoja cha Slow-K, hata inazidi kidogo, sasa mtu anashangaa kwa nini ndizi hazimpandishi. Ni kwamba anayetumia Lasix anapoteza na kloridi (sehemu ya chumvi), na ya kwenye matunda haijaja na kloridi kama ya kwenye kidonge, kwa hiyo haikai vizuri. Chakula kinasaidia isishuke zaidi ila 2.9 huipandishi kwa sahani.

Amechoka ndizi? Kuna maharage, viazi vitamu, parachichi, mchicha, maboga. Viazi achemshie na maganda, na mboga msichemshe mkamwaga yale maji, potasiamu nyingi inabaki humo. Madafu yana potasiamu ya kutosha ila mgonjwa wa moyo maji yake yanahesabiwa, msimpe kiholela.

Jambo ambalo watu hawalisikii mpaka uwaambie ni CHUMVI. Kadiri anavyokula chumvi nyingi ndivyo Lasix inavyomtoa potasiamu zaidi, na miguu inavimba akaongezewa Lasix, mnarudi palepale. Ng'onda, dagaa wa chumvi, vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi, punguzeni. Na kama ana pumu anavuta salbutamol au anameza dawa za kuharisha kwa ajili ya hicho choo kigumu, mseme, zote zinashusha.

Mtumishi88
Mimi naomba mtu asome huu uzi akaenda kujinunulia asijaribu. Baba yangu alikuwa anatumia enalapril (dawa ya presha) na spironolactone, mtu akamshauri aongeze Slow-K za kununua mwenyewe na ile chumvi mbadala ya supamaketi, kumbe nayo ni potasiamu tupu, na figo zake zilikuwa zimeshachoka hatujui. Potasiamu ikapanda mpaka mapigo yakashuka, tulimkuta ameanguka bafuni. Amepona tunashukuru, lakini kupanda kunaua sawa na kushuka. Kila dawa ikiongezwa au ikipunguzwa rudieni kipimo cha potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) ndani ya wiki moja, hata kama mnalipa wenyewe, lipeni.

BintiKorogwe
Mrejesho wakuu. Tulifika usiku, potasiamu 2.7 na magnesiamu chini pia, ECG daktari hakuipenda akalazwa palepale. Digoxin imesimamishwa kwanza. Amewekewa drip zote mbili zikaenda polepole usiku kucha na mashine ya moyo pembeni, nesi alikuwa anakuja kuangalia kila mara. Leo imefika 3.6 na kichefuchefu kimekata, ameomba uji mwenyewe.

Nimeuliza ya spironolactone, daktari kasema alikuwa anaandika hiyohiyo, anaanza ya 25 mara moja, Slow-K anaendelea kwa muda halafu zinapunguzwa kulingana na kipimo cha wiki ijayo. Omeprazole wanaiangalia kama bado anaihitaji. Sijui niwashukuruje.

Maswali mawili tu. Slow-K anasema kubwa zinamkwama kooni, naweza kumsagia kwenye uji? Na zile siku za ibada?

DukaLaDawa_Kona
Usisage na asitafune, zimetengenezwa ziyeyuke taratibu, ukisaga inachoma koo na tumbo. Ameze amekaa wima, katikati ya chakula, na maji ya kutosha ndani ya yale aliyoruhusiwa, asilale hapohapo. Zikimshinda kabisa ipo potasiamu ya maji, mwombe daktari aandike hiyo.

NesiWaZamu
Nimefurahi sana mama anaendelea vizuri. Siku ya ibada Lasix haiachwi inasogezwa, aimeze akirudi nyumbani, ila isiwe jioni sana atakesha chooni. Mwambie daktari kabla hajamruhusu aiandike kabisa kwenye kadi, na mpime uzito kila asubuhi akishakojoa kabla ya chai, ukiona umepanda kilo mbili ndani ya siku tatu rudini hospitali hata kama hajavimba.