Ruzuku ya mbolea: mkulima apewe, au aachwe ajitegemee?

Mama wa Songa, Muheza

Habarini ndugu zangu. Naomba tulijadili hili bila matusi. Shemeji yangu kaja kututembelea kutoka Tanga mjini, na tangu afike wimbo wake ni mmoja: kumpa mkulima ruzuku ni kumdekeza. Anasema mwenye genge hapewi, bodaboda hapewi, mkulima ana nini cha ziada? Akanitolea na mfano wa New Zealand, kwamba mwaka 1984 serikali yao ilianza kufuta ruzuku na wakulima wao wapo mpaka leo, tena wanauza dunia nzima.

Mimi nalima mahindi, na nina michungwa aliyoniachia marehemu baba. Nasema wazi kwamba msimu wa 2022/23, bila ruzuku, nisingetia mbolea hata shimo moja. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 120,000. Kwa ruzuku tukauziwa 70,000. Hapo ndipo nilipoweza.

Na kuhusu bodaboda nimemjibu shemeji hivi: mafuta yakipanda leo, nauli inapanda leo hii hii. Mimi mbolea ikipanda, mahindi yangu nayapandisha bei vipi? Mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni. Nanunua kwa bei ya muuzaji, nauza kwa bei ya mnunuzi. Hilo shemeji hajanijibu mpaka sasa. Nyie mnaonaje?

Muuza pembejeo, Korogwe

Dada, niseme ninayoyaona nikiwa kaunta. Wengi wanadhani serikali inamgawia mkulima hela. Hapana. Mkulima analipa bei iliyopangwa, na serikali inamfidia aliyeleta mbolea ile tofauti. Ndiyo maana lazima ujiandikishe kijijini, utaje ekari zako na zao lako, upewe namba, halafu uje nayo kwa wakala.

Utaratibu ni mzuri, ila mvua haingoji mtandao. Masika ikishaanza, mtu anatoka Magoma na namba yake kwenye simu, mtandao umelala, anarudi mikono mitupu na nauli keshalipa. Akija mara ya pili mahindi yameshatoa mbelewele. Urea ya kukuzia wakati huo ni kuitupa tu, na fedha ya serikali imetupwa pamoja nayo. Wengine wanaandikisha ekari wasizokuwa nazo, ule mfuko wa ziada unauzwa gizani kwa mwenye taslimu. Naunga mkono ruzuku kwa moyo wote, lakini ifike shambani kabla ya mvua.

Kijana wa Pongwe

Niko na shemeji. Hela hiyo ijenge barabara za vijijini. Lori likifika shambani, bei inapanda yenyewe.

Bwana shamba mstaafu, Muheza

Binti yangu, shemeji hajakosea kuhusu New Zealand, ila hakukueleza mkulima wa kule alikuwa na hali gani. Yule alikuwa na hati ya ardhi, benki inamkopesha, na nchi yake tayari ilikuwa inauza nje nyama, siagi na sufu. Huwezi kumpima naye mtu ambaye dhamana yake ni mbuzi wawili. Tena Marekani wanawasaidia wakulima wao kwa sheria tangu 1933, na Ulaya walianzisha sera yao ya pamoja ya kilimo mwaka 1962. Hao ndio tunaoshindana nao sokoni.

Sisi wenyewe tulikuwa na vocha za ruzuku kuanzia 2008, za mbolea na mbegu za mahindi na mpunga. Nimeziona zikifanya kazi, nimeziona pia zikipotelea mikononi mwa watu wasio na shamba. Kwa hiyo mimi nauliza swali jingine: ruzuku iende kwenye nini kwanza?

Tazama hiyo michungwa yako. Yule inzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki, aligunduliwa Kenya mwaka 2003, anatoboa tunda na kutaga ndani. Funza wanakula, tunda linaanguka, funza anaingia ardhini, anatoka inzi mwingine. Wewe ukitundika mitego na kuzika kila tunda lililoanguka, jirani asipofanya hivyo, inzi wake watakuja kwako. Bidii yako yote inaishia kwenye mpaka wa shamba. Mfuko wa mbolea unamfaidi aliyeununua, lakini mtego hauna maana mpaka kitongoji kizima kiwe nao. Kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya hata akiwa na fedha, hicho ndicho serikali ikilipie mwanzo.

Cha pili ni kupima udongo. Mlingano iko hapa hapa wilayani, kituo cha utafiti cha siku nyingi, na bado wakulima wengi wanatia Urea kila msimu bila kujua udongo wao unataka nini. Urea ikirudiwa miaka mingi inaongeza tindikali kwenye udongo, na pengine shamba lilihitaji chokaa ya kuipunguza.

Mama wa Songa, Muheza

Shikamoo mzee wangu, ahsante sana. Hilo la inzi limenigusa. Wanunuzi wa Kenya wakija wanalipasua chungwa moja, wakikuta funza wanashusha bei ya mti mzima, na sisi tunabaki kulaumiana.

Kijana wa Pongwe, barabara tunaitaka kweli. Lakini lori lije kubeba nini kama shamba halijazaa?

Mbolea ya ruzuku siiachi, na atakayesema ifutwe nitampinga. Ila nitaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji nitoe hoja tuandike barua halmashauri: mitego kwa kitongoji kizima, na udongo upimwe kabla ya msimu. Mzee, kama unajua chambo cha mitego kinapatikana duka gani hapa Muheza na bei yake, niandikie. Nataka niende mkutanoni na bei mkononi.