Mjadala: Makombo ya majumbani yachukuliwe mlangoni, peke yake, kabla ya taka nyingine?

Mleta mada, Kikwajuni

Assalaam alaykum nyote. Nitasema msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Nataka manispaa za Mkoa wa Mjini Magharibi, hapa Unguja, zianze kukusanya makombo nyumba kwa nyumba, kwenye ndoo yake, mbali na taka nyingine. Na nataka huduma hiyo iwe ya kwanza, isingojewe mpaka mambo mengine yote ya taka yakae sawa.

Wengi niliozungumza nao wanasema kinyume. Kwanza magari yatoshe, kontena zitoshe, watu wazoee kulipa ada, ndipo tuje kwenye kutenganisha, kwa sababu kutenganisha ni mambo ya nchi tajiri. Mimi naona hapo kilicho nyuma kimewekwa mbele.

Tazameni kinachotoka jikoni kwetu: maganda ya muhogo na ndizi, machicha, matumbo ya samaki, wali uliolala, kokwa na maganda ya embe ukifika msimu. Kwa joto letu, hivyo ndivyo vinavyovunda ndani ya siku moja. Chupa haivundi, boksi halivundi, nguo kuukuu haivundi. Makombo yakitoka mapema, kilichobaki kinaweza kukaa uwani wiki nzima bila nzi na bila paka kulipasua polo. Yakibaki ndani, yanakwenda na kila kitu, hata ile chupa ambayo vijana wanaookota plastiki wangeichukua bure.

Halafu kuna uzito. Sehemu kubwa ya makombo ni maji. Dampo letu liko Kibele, Wilaya ya Kati, mbali na mji. Gari linalotoka Amani au Jang'ombe na mzigo wa makombo linasafirisha maji kwa dizeli ya fedha zetu, na njia nzima linachuruzika. Likishamwaga, mzigo ule unafukiwa na taka nyingine, unaoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto dunia kiasi cha mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Maji yaliyooza nayo yanashuka chini. Unguja tunakunywa maji ya ardhini, kutoka kwenye mawe ya chokaa yenye matundu. Kinachoshuka katika mawe ya namna hiyo hakichujwi sana kabla hakijafika kwenye maji.

Na watu tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika mkoa huu; ya 2022 ikahesabu 893,169. Laki tatu wapya ndani ya miaka kumi, na wote wanapika.

Kuna kitu kimoja cha historia yetu ambacho kinanikera kila nikisikia sauti za kunguru asubuhi. Mwishoni mwa karne ya 19 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja ili wale taka za mji. Wakazaana, wakala mayai na vifaranga vya ndege wetu, wakavuka mpaka Bara, na kampeni za kuwaangamiza hazijawamaliza. Hicho ndicho tulichokipata pale mji ulipotafuta wa kuyala makombo badala ya kupanga nani atayachukua na ayapeleke wapi.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila nyumba iwe na ndoo mbili. Mkokoteni upite kila asubuhi kwa saa inayojulikana, uchukue ndoo ya makombo tu. Shehia tatu au nne zilizo karibu ziwe na eneo moja la kutengenezea mboji, yaani mbolea ya makombo yaliyooza, ili mzigo usitoke mjini. Gari kubwa lije mara moja kwa wiki kwa zile taka kavu. Karibuni.

Mama wa nyumba, Jang'ombe

Kaka yangu, nyumba unayoiandikia si hii ninayokaa mimi. Hapa tuna vyumba kadhaa, kila chumba kina watu wake, uwa ni mmoja na jiko ni moja. Ndoo itakuwa ya nani? Mmoja akitia pampasi ndani, wa kujibu ni nani? Nitakwambia: nitajibu mimi, kwa sababu ndiye ninayeshinda nyumbani. Mambo haya mnayapanga barazani, kazi inaishia kwa mwanamke.

Tena makombo hayatupwi ovyo kama unavyosema. Machicha ni ya kuku. Maganda ya ndizi na muhogo anakuja kuyachukua jirani mwenye mbuzi, alasiri, na polo lake. Huyo mtu hajawahi kutudai ada. Mkokoteni wako ukipita asubuhi ukayazoa, mbuzi wake wale nini?

Na la mwisho, ndilo linalonitia hasira. Ada tunalipa. Ramadhani tulikuwa na mkusanyaji, akapotea mwezi katikati, na Ramadhani ndiyo tunapika futari kila siku, muhogo, ndizi mbichi, viazi vikuu, maganda kwa mapolo. Siku zikapita, hakuna aliyekuja wala aliyepiga simu. Sasa fikiria hiyo ndoo yako ya makombo matupu, imefunikwa, haijachukuliwa. Ukiifunua kuna funza. Taka zilizochanganyika zina nafuu kuliko hiyo.

Niliyewahi kusukuma mkokoteni, Magomeni

Nasema kutoka upande wa anayebeba. Polo la taka mchanganyiko huwa zito chini na jepesi juu. Ukilinyanyua begani, maji yanashuka shingoni, na huwezi kujua ndani kuna nini: gilasi iliyovunjika, wembe, mfupa, sindano. Mimi nimechanika mkono kwenye polo lililokuwa limejaa wali. Ndoo ya makombo peke yake ningeibeba kwa moyo mmoja. Unaifunua, unaona, unamimina.

Lakini Bi wa Jang'ombe ana haki. Kuna mahali nilifanya kazi wakaazi walihimizwa watenganishe, na wakatenganisha kweli, mwezi wa mwanzo hata watoto wa skuli walikuwa wanawakumbusha mama zao. Sisi tukachukua mafungu mawili, tukafika kwenye kontena, tukaambiwa mimina humohumo. Kontena ni moja na gari ni moja, tungefanya nini? Watu wakaona kwa macho yao. Wiki iliyofuata hakuna aliyehangaika tena, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia mtu atenganishe.

Pa kupeleka pajengwe kwanza. Ndoo zije baadaye.

Mkaazi wa Wete

Huku Pemba wengi wetu hatuna shida hiyo. Makombo yanakwenda kwenye shimo migombani, unafukia, mgomba unashukuru. Huduma ya nini? Ikija kwa lazima tutatozwa kwa kitu tunachokifanya wenyewe tangu enzi za wazee. Iwekeni mjini, na kwenye masoko ya Chake Chake na Wete ambako maganda yanalala barabarani.

Mzanzibari, Leicester

Nieleze kwa ufupi jinsi nchi hii inavyofanya, kwa kuwa kila mara inatajwa. England sheria inazitaka halmashauri zichukue makombo ya majumbani kila wiki, kuanzia 31 Machi 2026. Wales walitangulia kwa miaka mingi. Mtu anakuwa na kindoo kidogo jikoni na kikubwa chenye kufunga nje, anakiweka ukingoni mwa njia siku ya gari. Mengi yanapelekwa kwenye matangi yasiyoingia hewa, yanatoa gesi ya kuzalisha umeme, na kinachobaki kinamwagwa mashambani kama mbolea.

Tahadhari moja: hapa chakula kinaweza kukaa wiki nzima kwa sababu kuna baridi. Msichukue ratiba ya wiki mkaipeleka Unguja. Kila siku, kama alivyosema mleta mada, au msianze.

Mkulima, Makunduchi

Mimi nalima maweni. Asiyejua maweni ni nini aje atazame: jiwe limesimama, udongo uko kwenye vishimo, mahali pengine kina chake hakizidi kiganja. Hapo ndipo ninapotia tungule na pilipili. Samadi ya ng'ombe naifuata mbali na haitoshi. Kila ninaposikia mjini kuna makombo yanafukiwa, roho inaniuma, maana ile ndiyo ardhi ninayoikosa.

Ila mboji mbaya sitaki. Nililetewa gunia na mtu aliyesema ni mboji safi, nikaimwaga, nikakuta vipande vya mifuko, vifuniko vya soda na vigae vya chupa. Shamba la maweni tunalima kwa mikono, vidole vinaingia vishimoni. Kigae kimoja kinatosha kukuachisha kazi msimu mzima.

Kwa hiyo nitanunua, na wenzangu watanunua, kwa sharti. Lundo lichanganywe na majani makavu au maranda ya mbao, maana makombo matupu yanageuka uji unaonuka. Lipate joto, nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, life vijidudu na mbegu za magugu. Lipinduliwe ili lisikose hewa. Samaki afukiwe katikati, asiachwe juu. Vifuu na makumbi yatolewe kabisa, hayaozi upesi, yaende kwa wanaopikia. Kisha ichekechwe. Kwa kupindua vizuri ni kazi ya miezi miwili au mitatu, na anayeuza mboji ya wiki mbili anauza taka.

Mleta mada, Kikwajuni

Ahsanteni. Nianze na mbuzi, kwa sababu hoja hiyo imenibana kweli. Kuku na mbuzi wapewe kwanza. Hakuna mboji inayoshinda ganda la ndizi lililoliwa siku hiyohiyo na mnyama wa jirani, na huduma yoyote itakayomnyang'anya yule mwenye polo itakuwa dhuluma. Mkokoteni uchukue kilichobaki: magamba ya samaki, wali uliochacha, mchuzi, maganda ya mayai. Ndivyo vinavyonuka kuliko vyote, na mbuzi havitaki. Na mkaazi wa Wete, mwenye shimo lake migombani asitozwe senti. Huduma iwe ya mji uliobanana, kwa wasio na pa kufukia.

Nyumba ya watu wengi iwe na ndoo ya nyumba, isiwe ya chumba. Hilo si geni. Milano, Italia, walianza 2012 na kufikia 2014 mji mzima wa watu zaidi ya milioni moja ulikuwa unachukuliwa makombo mlangoni, na wengi kule wanakaa ghorofani kama majumba yetu ya Michenzani. Mchukuaji anatazama kilichomo, na mzigo uliochanganywa unaweza kuachwa palepale na alama. Aliyesukuma mkokoteni amesema mwenyewe, ndoo unaifunua unaona. Basi pampasi ikionekana ndoo ibaki, na nyumba nzima ijue sababu. Aibu hiyo isiwe ya mama peke yake. Wanaume tunaotoka asubuhi kwenda kazini tunaweza kuiweka ndoo mlangoni tukiwa njiani, wala haizidi uzito wa mkoba.

Wanaosema watu wetu hawabadiliki, nawakumbusha kwamba Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, na Bara wakafuata 2019.

Lililo gumu ni mkusanyaji kupotea, na hapo nimefikiri zaidi kuliko pengine popote. Tatizo liko katika namna anavyolipwa. Analipwa kwa idadi ya nyumba zilizoandikwa kwenye daftari, kwa hiyo akija au asije daftari halitetereki. Makombo yanatoa nafasi ambayo taka mchanganyiko haziitoi: yanafika mahali penye mizani. Alipwe kwa kilo safi zilizopimwa kwenye eneo la mboji. Asipopita Jang'ombe leo, jioni hana kilo, hana malipo. Pampasi na vigae vikikutwa ndani, apunguziwe malipo kwa uzito wake. Hapo mkulima wa Makunduchi analindwa na mama wa Jang'ombe analindwa, kwa mizani moja.

Fedha zitoke wapi? Manispaa ianze na safari za Kibele zilizopungua. Kila tani isiyopanda gari ni dizeli, ni tairi, ni mshahara wa siku. Kisha mauzo ya mboji, ingawa sitaki tuyategemee sana. Mboji ni nzito na ya bei ndogo, na kuifikisha maweni kuna gharama. Kumtoza mwananchi kwa uzito wa makombo, kama Korea Kusini wanavyofanya tangu 2013, nakataa kabisa kwa hapa kwetu. Wao walishazuia makombo kuingia madamponi tangu 2005 na vyombo vyao vinapima kwa kadi. Hapa mtu akitozwa kwa kilo atamwaga usiku kwenye mtaro. Masika yakifika tutayakuta Sebleni na Mwanakwerekwe, maji yamejaa majumbani, na sisi ni nchi yenye mpango wa kukitokomeza kipindupindu kufikia 2027.

Na nakubaliana na ndugu wa Magomeni. Eneo la mboji, mizani na wafanyakazi wa kupindua viwepo ndipo ndoo ya kwanza itolewe. Tuanze na soko la Mwanakwerekwe, ambako mzigo uko mahali pamoja na wenye meza wanajulikana, pamoja na shehia mbili za jirani. Wakipita masika bila kukwama, tuongeze.

Mama wa nyumba, Jang'ombe

Hilo la mizani nimelielewa, na la mbuzi nimeridhika nalo. Sasa nisikilize. Saa ya mkokoteni ibandikwe kwa sheha, pamoja na namba ya simu ya mtu anayepokea. Ada nitalipa mwisho wa mwezi, baada ya kuchukuliwa, si mwanzo. Siku ambayo hakuja ikatwe. Na sikukuu ya Idd, ambapo kila nyumba hapa imepika pilau na kuchinja kuku, aje siku hiyohiyo mchana, asiniambie ni mapumziko. Mkiyaandika hayo kwenye mkataba wake, mimi mwenyewe nitazungumza na vyumba vyote vya hapa, na ndoo nitanunua kwa fedha yangu.

Niliyewahi kusukuma mkokoteni, Magomeni

Siku ya Idd alipwe mara mbili kwa kilo, atakuja. Muandikieni na hilo.