Mrejesho: Kabati la kujengea ukutani au la kuhamishika

Ndugu zangu, mwezi Januari niliwauliza kama chumba chetu cha kulala hapa Tanga, chenye upana wa mita 3 tu, kinafaa kabati la kujengea ukutani au la kuhamishika. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Kwa kuwa nyumba ni yetu na si ya kupanga, nilifuata ushauri wa kujengea ukutani, kina cha ndani kikiwa sentimita 60 ili hanga zikae vizuri, na milango ikiwa ya kuteleza ili isigonge kitanda. Hilo limefanikiwa, hata sanduku la mama limepata nafasi yake juu, karibu na dari.

Nilikosea mgongoni mwa kabati. Mmoja wenu alinisihi niache upenyo kati ya kabati na ukuta wa nje, nami nikamruhusu fundi abandike MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) moja kwa moja ukutani. Masika yalipoingia, ubao ukavimba kwa chini na kanzu mbili zikaota ukungu. Fundi ameubandua, ameacha upenyo wa sentimita 3 na kutoboa matundu ya hewa juu na chini. Wiki ya sita sasa, nikipitisha kiganja nyuma ya nguo nakuta pakavu.