Naomba ushauri: tambi za nazi zinagandana nikipika kilo nzima

Habari zenu wapishi. Kwa nusu kilo hazinisumbui: nazikaanga kwenye vijiko vitano vya mafuta, moto mdogo, mpaka ziwe kahawia, namimina tui la moto vikombe vitatu, robo tatu kikombe ya sukari, iliki sita za kutwanga na chumvi kidogo. Tui likikauka nafunika, napalia makaa dakika kumi. Zinatoka zimechambuka.

Shida ni kilo nzima, futari ya watu kumi na wawili. Nikizidisha kila kitu mara mbili, za chini bokoboko, za juu bado ngumu, na kuzigeuza kwa mwiko ndiyo zinakatikakatika kabisa. Nahisi tui linazidi, maana sufuria ni ile ile na mvuke hauongezeki. Tena zikirundikana hazikaangiki sawa. Zinazobaki nyeupe ndizo zinazotoa uji na kugandisha nyingine.

Je, nikaange mafungu mawili na tui nishushe hadi vikombe vitano? Na sukari niitie tambi zikishaiva, kwa kuwa ikitangulia zinachelewa kulainika? Mnaopikia shughuli, nipeni vipimo tafadhali, msiniambie "kadiria tu".