Oveni ya gesi inazima nikiachia swichi, naomba ushauri

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Tabata. Wiki ya pili sasa oveni yangu ya gesi inawaka nikiwa nimebonyeza swichi, nikiachia tu, puu, inazima. Mpira na regulata nimepima kwa povu la sabuni, havivuji.

Fundi akanionyesha kale kachuma kembamba kanakokaa kwenye moto, kameshika masizi. Kamekufa, anasema, eti aikaze valvu ibaki wazi muda wote, "utapika bila shida mama". Nikamkatalia! Si ndiko kanakokata gesi moto ukizimika? Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni, nami nina mtoto anayetambaa.

Kukasugua kwa msasa laini kunatosha, au ninunue kapya? Kariakoo nikaulizie kwa jina gani?