Galveston, Miami au Seattle? Nataka kumpandisha mama meli ya utalii, na hizi sheria za afya zinanichanganya

BintiKisauni (Dallas)
Hamjambo wenzangu. Nina pesa za kushikia nafasi mkononi na sijui nizipeleke bandari gani. Machi, wiki ya mapumziko ya shule, tunataka kusafiri na meli ya utalii. Tuko sita: mie na mume wangu, mwanangu wa miaka 9, mdogo wake atakayekuwa na miezi 7, dadangu ambaye ni mjamzito, na mamangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Mama ana miaka 71, ana kisukari, anadunga insulini asubuhi na jioni, na magoti yamemchoka.

Nimeangalia bandari tatu. Galveston, kama saa tano kwa gari, meli zake zinakwenda Cozumel, Meksiko. Miami, lazima tupande ndege, ila kuna safari fupi za siku tatu nne hadi Bahamas na vyumba ni rahisi. Seattle kwa ajili ya Alaska, hii ni ndoto ya mume wangu. Kila nikisoma masharti ya afya nakuta mstari mpya wa kunitisha. Aliyewahi kupita huko anisaidie.

MamaPacha (Houston)
Machi na Alaska havikutani, dadangu. Meli za kule huanza mwishoni mwa Aprili hivi na kumaliza Oktoba. Mkisogeza hadi Juni, huyo mjamzito atakuwa keshakaribia kujifungua. Mwambie shemeji aitunze ndoto yake.

Mie ni wa Galveston, na sababu yangu hutaikuta kwenye matangazo. Miaka miwili nyuma tulifika gatini, mizigo tushawapa wapagazi, tukajaza fomu ya afya. Inauliza kama katika siku chache zilizopita kuna aliyetapika au kuharisha. Pacha mmoja alikuwa ametapika usiku wa jana yake, nikaandika ukweli. Akaja nesi na kipimajoto, maswali mawili matatu, akajitenga kupiga simu. Jibu: nyote wanne hampandi leo. Tulikaa kwenye benchi saa mbili kusubiri masanduku yetu yatolewe melini, na yule pacha mzima ndiye aliyelia kuliko mgonjwa. Lakini gari letu lilikuwa pale pale maegeshoni. Magharibi nilikuwa jikoni kwangu nakaanga mayai.

Sasa jione uko Miami, watoto wawili, mama na kiti cha magurudumu, tikiti za ndege za kurudi ni baada ya siku nne. Kampuni ilitupa safari nyingine baadaye, sikatai. Ndege na hoteli zingekuwa juu yangu.

Kasoro ya Galveston ni ukungu. Miezi ya baridi unashuka mzito, mlango wa bandari unafungwa na meli inabaki nje ikisubiri. Mwenye ndege ya asubuhi anaumia. Mwenye gari anachelewa kazini tu.

MhudumuMstaafu (Mombasa)
Nilifanya usafi wa vyumba melini miaka tisa. MamaPacha, ulifanya la maana. Wanaodanganya kwenye ile fomu ndio waliotukosesha usingizi.

Ugonjwa mkubwa wa melini ni norovirasi. Tangu mtu aupate hadi atapike ni saa 12 hadi 48, kwa hiyo anapanda mzima, anacheka, anapiga picha, na kesho yake vijiko vyote vya bafe ameshavishika. Tukipata wagonjwa wengi, siku hiyo hiyo vijiko vinaondolewa mikononi mwa wageni na mhudumu ndiye anayepakua. Vichupa vya chumvi na pilipili vinatoka mezani. Zamu yangu mimi ilikuwa vishikio vya ngazi: ndoo, kitambaa, dawa yenye klorini, kutoka ghorofa ya 3 hadi ya 11, ukifika juu unashuka kuanza upya. Mikono ilinuka klorini mpaka chapati nikaiona ina ladha hiyo. Mgonjwa habanduki chumbani, chakula analetewa mlangoni, shuka zake zinakwenda dobi kwenye mifuko myekundu. Na anatakiwa akae humo hata baada ya kujisikia nafuu, siku moja au mbili, kutegemea daktari wa meli.

Ile dawa ya kupulizia mikono pale mlangoni mwa bafe isikudanganye. Norovirasi haiogopi spiriti. Sabuni na maji, sekunde 20.

Halafu kuhusu kulinganisha bandari kwa usafi: kwa Marekani usijichoshe. Sheria inaifuata meli popote inapotia nanga. CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kina mpango wa kukagua meli tangu miaka ya 1970. Meli ya abiria 13 na zaidi inayotoka nchi nyingine kuingia bandari ya Marekani, wakaguzi wanaweza kuipanda bila kupiga hodi. Alama ni 100, ukipata 85 kushuka chini umeanguka, na matokeo yanawekwa hadharani kwa jina la meli. Wagonjwa wa tumbo wakifika asilimia 2, lazima taarifa maalumu ipelekwe. Wakifika asilimia 3, meli inatangazwa. Kwa hiyo tafuta jina la meli unayotaka kuilipia, usome alama zake za mara tatu nne zilizopita. Moja mbaya ni ajali. Tatu ni tabia.

La mwisho: mtoto wa nepi haingii bwawani, hata ile nepi ya kuogelea. Mkasirikie aliyeandika sheria, mlinzi wa bwawa mwacheni.

NesiWaZamu (Minneapolis)
MamaPacha ameniharibia hoja lakini nitaisema. Kwa mama wa miaka 71 wa insulini, mimi ningekwenda Miami. Angalia ramani. Kutoka Galveston unaondoka alasiri, kesho yake ni bahari tupu mchana kutwa, Cozumel unaiona asubuhi ya siku ya tatu. Kutoka Miami unalala, asubuhi uko Bahamas. Meli ina zahanati na daktari, ila si hospitali. Akizidiwa katikati ya Ghuba ya Meksiko, kuna helikopta kama iko karibu na hali ya hewa inaruhusu, na kuna kusubiri.

Bima ndiyo iliyowaumiza wengi ninaowajua. Ile bima ya mgeni mliyomkatia mama kwa kukaa Marekani, isomeni upya: je, inafanya kazi meli ikishatoka maji ya Marekani? Nyingi zinasitasita hapo. Mkateni ya safari yenye kipengele cha kuhamishwa mgonjwa, na mtaje kisukari kabla ya kulipa. Zahanati ya meli inaandika deni kwenye akaunti ya chumba, kadi yenu inakatwa, kudai bima ni baadaye mkiwa nyumbani.

Insulini isikanyage sanduku kubwa. Masanduku mnayowapa wapagazi yanafika chumbani saa kadhaa baadaye, na hamjui yamekaa juani wapi. Mkoba wa mkononi, na dawa iwe ya siku tatu zaidi ya safari (ule ukungu wa MamaPacha). Mwombeni mhudumu wa chumba chombo cha kutupia sindano, wanacho.

Mtoto: kampuni nyingi zinataka awe ametimiza miezi 6 siku ya kupanda. Zile safari zenye siku nyingi mfululizo baharini wanataka miezi 12. Wa kwako yuko salama.

Dada yako sasa. Ana wiki ngapi?

BintiKisauni
Nimemuuliza. Siku ya kupanda atakuwa na wiki 22 na siku 2. Masharti yanasema wiki 24, kwa hiyo tuko sawa?

NesiWaZamu
Hapo ndipo watu wanapokwama gatini. Soma tena. Wengi wanasema asiwe ameingia wiki ya 24 wakati wowote wa safari. Mtu akitimiza wiki 23, kesho yake yumo ndani ya wiki ya 24. Wengine wameandika moja kwa moja kwamba asizidi wiki 23. Na wanahesabu hadi siku ya kushuka, si ya kupanda.

Hesabu kwa vidole: safari ya usiku 7, atashuka na wiki 23 na siku 2, atazuiwa. Usiku 5, anashuka na wiki 23 kamili, hapo mnabishana na karani. Usiku 4, anashuka na wiki 22 na siku 6. Achukue barua ya daktari yenye tarehe ya kujifungua, na isemwe kwamba anaruhusiwa kusafiri.

MwanaLubumbashi (Louisville)
Jambo yenu. Mama Kisauni, mumesahau karatasi. Mimi nilikuya huku kama mkimbizi, niko na kile kitabu cha kusafiria cha wakimbizi. Wenzangu wazaliwa wa huku wanapanda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, basi, kama meli inarudi bandari ile ile. Sisi hapana. Nilienda kwanza konsulati ya Meksiko, nikauliza, ndiyo nikalipa.

Mama yako ni mgeni, kwa hiyo akipanda meli ametoka Marekani, akirudi anaingia upya. Viza yake iwe ya kuingia mara nyingi na isiwe imeisha. Kwa Meksiko ni rahisi: wenye viza halali ya Marekani hawaombi nyingine. Na Seattle, hata kama mungengoja, ingewakamata hapo. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886: meli ya bendera ya kigeni haiwezi kuzungusha abiria bandari za Marekani peke yake, lazima iguse nchi nyingine. Ndiyo maana meli za Seattle zinapita Victoria, Kanada, hata kwa saa chache za usiku. Mwenye pasipoti ya Kenya anaomba viza ya Kanada kwa saa zile chache.

MzeeKilindini (Mombasa)
Nawasoma kimya. Nilikuwa baharia wa meli za mizigo, hizi za starehe nilizisafishia macho tu. Mnazungumza kana kwamba mwenye kauli ni kampuni. Mwenye kauli ni bandari. Meli ikifika inapandisha bendera ya manjano, herufi Q. Watu wanadhani maana yake ni "tuna tauni". Siku hizi ni kinyume: nahodha anasema watu wangu ni wazima, naomba ruhusa ya kuingia. Mpaka afisa wa afya wa bandari akubali, hashuki hata paka.

Na anaweza kukataa. Februari 2024, Norwegian Dawn iliyotoka Cape Town ilifika Port Louis, Morisi, ikazuiwa nje kwa hofu ya kipindupindu. Kulikuwa na watu wasiopungua 15 waliotengwa kwa maradhi ya tumbo. Vipimo vikarudi, si kipindupindu, wakaruhusiwa baada ya siku mbili. Sasa Port Louis ndipo safari ile ilipokuwa inaishia na nyingine kuanzia. Waliokuwa washuke warudi kwao na waliokuwa nchi kavu na masanduku wakingoja kupanda, wote walikwama kwa pamoja. Kwa hiyo naungana na mwenye gari.

Mamako, mwanangu, aje na kadi ya homa ya manjano. Marekani hawaiulizi, Meksiko pia. Lakini meli hubadilishiwa njia kwa sababu ya upepo, na kuna visiwa na nchi za Karibi zinazomuuliza aliyetoka Afrika karibuni. Tangu 2016 sindano moja ni ya maisha, kwa hiyo hata ile kadi yake ya zamani ya Hija inafaa, asiitupe.

KhalfaniMaskati (Maskati)
Kwa nini mama asipande Dubai akiwa njiani kurudi? Msimu wa baridi kuna meli zinaanzia pale, ndege ya Mombasa ni fupi, na chakula halali hatahangaika kuuliza.

BintiKisauni
Ami Khalfani, nimemsomea. Anasema atakwenda kufanya nini Dubai bila wajukuu.

MamaPacha
Hahaha. Mama ameshafunga mjadala wa Dubai.

NesiWaZamu, hoja yako ya Miami naikubali nusu. Kukaa karibu na hospitali ni jambo. Lakini kumtoa mama Dallas kwa ndege, kulala hoteli usiku mmoja, teksi mbili, foleni, kisha gati, magoti yale yale, sukari ikapanda kabla hajaiona bahari? Hapo mimi siafiki.

NesiWaZamu
Foleni nakubali. Basi kama ni Galveston iwe ile ya usiku 4, siku moja Cozumel, mkarudi. Siku za bahari tupu ni mbili tu, na dada mtu anapita.

BintiKisauni
Nimelipa leo. Galveston, usiku 4, tunaondoka Alhamisi tunarudi Jumatatu. Nilisoma alama za ile meli kama alivyosema MhudumuMstaafu: 96, 91, 98. Bima ya mama nimeikata upya, na kweli ile ya kwanza ilikuwa inaishia ufukweni. Mume wangu amenuna kidogo, atapona.

Bado maswali mawili. Kiti cha magurudumu wanatoa wao? Na mama anauliza kama melini kuna chai ya tangawizi.

MhudumuMstaafu
Kiti cha bandarini ni cha kumpandishia na kumshushia tu, siku za katikati hampewi. Bebeni chenu, na mpime upana wake: milango ya vyumba vya kawaida ni myembamba, kisichokunjika kitalala koridoni na wenzangu watawagombeza.

Chai ipo saa 24. Tangawizi abebe ya unga, kwenye pakiti ambayo haijafunguliwa. Ile mbichi wataichukua.