Vijibwa vya wiki tatu, niwape dawa ya minyoo ama ningoje?

BabaZed_Mikindani
Jamani salamu. Umbwa wangu kazaa vijibwa vine hapa Mikindani, leo wana wiki tatu, na kimoja tumbo limefura na mbavu zaonekana. Jirani aniambia nisiwape dawa mpaka miezi mitatu ati itawaua, shemeji naye asema nisage mbegu za papai na kitunguu saumu niwatilie kwa uji. Mimi kwa choo chao sijaona mnyoo hata mmoja na mama yao nilimpa tembe mwaka jana, sasa ni minyoo kweli ama ni kushiba maziwa tu? Nina mtoto wa miaka miwili ashinda nao uani, ndio roho haitulii.

DadaAgroveti
Kakangu usingoje. Nauza dawa za mifugo na hili la miezi mitatu nalisikia kila siku, laniuma sana juu vijibwa huzaliwa na minyoo tayari. Ile minyoo mirefu kama tambi hulala ndani ya mwili wa mama, akishika mimba yaamka yawaingia watoto tumboni, safura nayo, ile minyoo ya kunyonya damu, yapitia kwa maziwa. Ndio maana dozi huanza wiki ya pili, halafu ya nne, ya sita, ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita, baadaye kila miezi mitatu. Mpe na mama siku hio hio. Chukua pirantel ya maji, mpime kila mmoja kwa mizani ya jikoni, usikisie.
Kitunguu saumu achana nacho kabisa, chaharibu damu ya umbwa. Na kutoona minyoo si dalili ya kitu, mayai hayaonekani bila hadubini.

Mzee_Kisauni
Mie nafuga umbwa miaka ishirini, sindano moja kwa mwaka na wako sawa. Mnawatia watu hofu bure.

DadaAgroveti
Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima, dawa ya minyoo si kama chanjo, yaua ilioko tumboni siku hio na kesho akilamba mchanga aanza upya. Na sindano ikiwa ni ivermectin haigusi tegu, ile yatoka vipande kama punje za mchele hapo chini ya mkia, hio yataka praziquantel. Tegu huyo umbwa amtoa kwa viroboto, ajiuma akijikuna amemeza kiroboto, basi. Ukiua tegu ukaacha viroboto utarudi dukani tu.

MamaTwins_Bamburi
BabaZed huyo mtoto ndio muhimu. Wangu alicheza mchanga wa pwani hapa Bamburi miguu mitupu, baada ya siku kadhaa akatoka mstari mwekundu mguuni wasogea kila siku, usiku halali kwa kuwashwa, nikidhani ni upele kumbe ni mabuu ya safura ya umbwa yameingia kwa ngozi. Alipona lakini nililia. Ile mirefu nayo, mtoto akila mchanga wenye mayai mabuu yaweza kufika mpaka jichoni. Choo okota kila siku bila kukosa, mayai yake huchukua kama wiki mbili kukomaa, kwa hivo ukiwahi umeyamaliza kabla hayajaweza kuambukiza. Na mikono aoshwe kwa sabuni kabla ya kula.

BabaZed_Mikindani
Asanteni wallahi. Jana jioni nimewapima, mkubwa gramu 950, nikawapa, leo alfajiri kile chenye tumbo kimetoa fundo zima la minyoo mpaka mke wangu kapiga ukelele. Wiki ya tano narudia. Viroboto je, naeza waosha na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe?

DadaAgroveti
La la la, hio usiwaguse nayo! Hawa wadogo chanuo la meno madogo na maji vuguvugu ya sabuni, uwakaushe vizuri wasipate baridi. Matandiko yao fua uanike juani. Na hicho kilichotoa fundo, kikikataa kunyonya ama fizi zikiwa nyeupe mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, safura hunyonya damu na kijibwa kidogo hakina damu ya kupoteza.

BabaZed_Mikindani
Fizi ziko pinki, ananyonya. Ntamwangalia tena saa kumi.